Kuwalisha wanyama wa porini walio mikononi mwa watu: maswali tunayoulizwa kila mara Mombasa

Maswali haya hutoka kwa wageni wanaosimama kwenye jukwaa la twiga kule Haller Park, Bamburi, kwa walimu wanaoleta wanafunzi, na kwa jirani aliyeletewa kobe kutoka shamba asijue la kumfanya. Nimeyaacha yafuatane jinsi yanavyokuja. Utaona neno moja likijirudia: mnyama hula kinachomvutia, lakini mwili wake hudai kitu kingine, na sisi tumeajiriwa na huo mwili.

Kwani hamwezi kumpa tu kile anachokula porini?

Tungependa, lakini hatuwezi. Twiga wa Tsavo huchuma majani ya miti ya kila namna. Mgunga anauonja na kuuacha, mkunazi anausubiri hadi uchipue, na mchanganyiko wenyewe hubadilika masika yakija na kiangazi kikiingia. Hakuna mkokoteni wa kukuletea hayo yote Mombasa kila asubuhi. Kwa hiyo tunauliza swali jingine: ndani ya majani yale mlikuwa na nini? Nyuzinyuzi kiasi gani, protini, kalsiamu, fosforasi, shaba, vitamini E? Kisha tunatafuta vyakula vinavyopatikana hapa ambavyo, vikichanganywa, vitaleta hesabu ile ile.

Hesabu hiyo ina mtego, na wengi hunaswa nao. Kilo moja ya kabichi na kilo moja ya nyasi kavu ni sawa kwenye mizani tu. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo kilo nzima ina chakula chenyewe kisichofika gramu 100. Nyasi kavu zina kama gramu 900. Ukimjazia mnyama ndoo ya kabichi utaona tumbo limejaa, naye amekula kidogo sana. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hutoa maji kwenye hesabu kwanza, halafu ndipo wanalinganisha.

Mahitaji tunayajuaje? Wanyama wengi wa porini hawajawahi kupimwa mmoja mmoja, kwa hiyo tunaanza na jamaa yao wa nyumbani. Kwa pundamilia, faru na hata tembo tunaazima vipimo vya farasi. Kwa simba na chui, vya paka. Kwa twiga na swara, vya ng'ombe na mbuzi. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa majedwali ya mbwa na paka mwaka 2006 na ya farasi mwaka 2007, na la nyani na jamaa zake lilikuwa limetoka mwaka 2003. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Twiga si ng'ombe mwenye shingo ndefu, na aliyemlisha hivyo amejionea.

Nimekuja na mahamri. Twiga akila mawili matatu kuna ubaya gani, bwana?

Upo. Twiga ana tumbo la kucheua lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza kimejaa vijidudu ambavyo kazi yao ni kuvunja majani. Unga mweupe na sukari vikishuka humo kwa wingi, vijidudu wanaopenda wanga huzaliana upesi na kutoa asidi nyingi. Tumbo huchacha, kuta zake huungua, mnyama huacha kula. Ng'ombe akivamia gunia la unga wa mahindi hupatwa na jambo hilo hilo, na wafugaji wanalijua vizuri. Mahamri mawili peke yake hayamwui twiga. Ila siku ya Idi au sikukuu ya Desemba wageni huja mamia, na kila mmoja ana mawili yake.

Zile peleti unazopewa uzishike mkononi zimepimwa, na zinahesabiwa ndani ya chakula chake cha siku. Mlishe hizo. Ule ulimi mrefu wa rangi ya zambarau, wenye urefu wa sentimita 45 hivi, utakufanya ucheke vile vile.

Tatizo kubwa zaidi la twiga wanaofugwa duniani hata si mkate, ni kukosa matawi. Porini hutumia sehemu kubwa ya siku akivuta majani kati ya miiba. Ukimpa nyasi kavu na nafaka hushiba mapema, kisha ulimi unabaki bila kazi, na utamwona akilamba vyuma vya ua saa baada ya saa. Wapo waliokonda mpaka mafuta ya mwilini yakaisha ilhali chakula kiko mbele yao, kwa sababu nyasi si mlo wake. Hapa Pwani tuna bahati: mkunazi, mgunga na mkwaju havitafutwi mbali. Mlusina nao huota kila mahali na una protini nyingi, ila tunautoa kwa kiasi kwa sababu ya sumu yake, mimosini, inayopukutisha manyoya, hasa ya wanyama wasiocheua.

Mnapimaje kiasi? Mnyama mkubwa si anakula kulingana na ukubwa wake?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalopenda kulieleza kuliko yote. Mwaka 1932 Max Kleiber, aliyekuwa California, alionyesha kwamba nishati anayotumia mnyama akiwa ametulia haiendi sambamba na uzito wake. Hupanda polepole zaidi, kwa uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu. Zidisha jibu hilo kwa 70 na utapata kilokalori za siku, kwa kukadiria.

Chukua paka wa Mji wa Kale, kilo 4. Anahitaji kama kilokalori 200 akiwa amelala kibarazani. Sasa chukua tembo wa kilo 4,000, uzito wa paka 1,000. Ungetarajia ahitaji 200,000. Fanya hesabu: zinatoka kama 35,000, yaani mahitaji ya paka 178 tu. Kila kilo ya paka inachoma nishati zaidi ya mara tano kuliko kila kilo ya tembo. Ndiyo sababu ndege mdogo akikosa chakula usiku mmoja anaweza kufa, na mlishaji anayekadiria kwa jicho huwanenepesha wakubwa na kuwakondesha wadogo.

Hiyo ni nishati ya kutulia. Anayenyonyesha, anayekua au anayetembea sana huongezewa, pengine maradufu.

Mamba analishwa mara moja kwa wiki. Si mateso hayo?

Wageni wanaotoka kutazama mamba wakirukia nyama kule Mamba Village, Nyali, huuliza hivi kila mara. Mamba hajitengenezei joto la mwili, analiazima kwa jua. Kwa hiyo nishati anayotumia ni ndogo sana, karibu sehemu moja ya saba ya mnyama mwenye damu moto wa uzito huo huo, na akipoa hupungua zaidi. Mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila mlo. Ukimlisha kila siku atanenepa vibaya.

La kuangalia kwake ni joto. Hali ya hewa ya Mombasa inamfaa, lakini kipindi cha kusi, mawingu yakitanda siku nyingi, hamu yake hushuka. Nyama iliyokaa tumboni mwa mamba aliyepoa huoza kabla haijasagika, kwa hiyo siku hizo tunapunguza badala ya kumshawishi ale.

Ndizi kwa tumbili?

Swali fupi, jibu refu kidogo. Ndizi ya sokoni Kongowea si tunda la porini. Watu wamechagua mbegu na machipukizi kwa mamia ya miaka ili matunda yawe matamu, makubwa na laini. Tunda la mwituni ni dogo, chachu, limejaa mbegu na nyuzinyuzi. Mwaka 2014 bustani ya wanyama ya Paignton, Uingereza, ilitangaza kuwa imewaondolea tumbili wake ndizi na kuwapa mboga za majani zaidi, kwa sababu ya meno na hatari ya kisukari. Mwaka 2018 ile ya Melbourne, Australia, ikasema imepunguza matunda kwa wanyama wengi. Panda wekundu walikuwa wameoza meno.

Kwa mbega ubaya ni mkubwa zaidi. Mbega weusi kwa weupe wa Diani hula majani, na tumbo lao lina vyumba vya kuchachusha kama la mnyama anayecheua. Ndizi, mkate na biskuti huwafanyia yale yale niliyoyasema ya twiga na mahamri. Tumbili na kima hawana tumbo hilo, kwa hiyo huonekana kama hawadhuriki. Wao hudhurika tabia: aliyezoea kupewa biskuti kwenye veranda ya hoteli leo, kesho atampokonya mtoto mdogo.

Halafu kuna vitamini C. Mwili wa tumbili, kama wetu, hauwezi kuitengeneza. Anayefungwa nyumbani na kulishwa ugali mtupu hutokwa damu kwenye fizi na viungo humuuma. Hilo la kumfunga nyumbani nitalirudia kwenye kasuku.

Simba anakula nyama. Kuna sayansi gani hapo?

Kuna kisa cha zamani. Watoto wa simba wa bustani ya wanyama ya London walikuwa wakipata matege hata hawasimami, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wakilishwa nyama tupu isiyo na mifupa wala mafuta. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji John Bland-Sutton alishauri waongezewe mifupa iliyosagwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki. Wakapona. Vitamini D haikuwa imegunduliwa wakati huo.

Sababu yake tunaijua leo. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kalsiamu ya miligramu 10 hivi, na fosforasi karibu miligramu 200. Mwili unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo. Ikipungua, mwili haungoji. Huinyonya kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Steki nzuri ya buchani, iliyochambuliwa mifupa ikabaki nyekundu inang'aa, ni chakula kibaya cha simba. Anahitaji mnyama mzima au vipande vyenye mifupa, ini kwa kiasi, ngozi na manyoya pia.

Paka wote wana madai mengine ya kipekee. Hawawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, ni lazima waipate tayari kutoka kwenye ini na mafuta. Tena wanahitaji taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama lakini hupotea maji ya kuchemshia yakimwagwa. Mwaka 1987 watafiti wa California waligundua kwamba paka wa nyumbani waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wamekosa taurini kwenye chakula cha viwandani. Walipoongezewa, mioyo mingi ikarudi kazini. Kwa hiyo usimchemshie chui nyama kwa huruma.

Je, kweli simba hufunga?

Sehemu nyingi humwacha siku moja au mbili kwa juma bila mlo, kwa kuwa porini hashibi kila siku. Si Ramadhani, ingawa kila mwaka kuna mtu wa kuleta mzaha huo.

Owen na Mzee walikula pamoja? Kiboko na kobe?

Kwa wageni wasiokijua kisa: Owen ni kiboko mchanga aliyekwama baharini kwenye mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, wakati wa tsunami ya Desemba 26, 2004. Aliletwa Haller Park, akajibanza kwa Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Walezi wake walisimulia kuwa alianza kula kwa kukaa karibu na kobe huyo.

Kilishe, urafiki wao haukuwa wa ajabu sana kama picha zilivyoonyesha, maana wote wawili ni wala nyasi na majani wenye mwili usio na haraka. Kiboko huchachusha nyasi mbele, kwenye tumbo la vyumba vitatu, ila hacheui. Mzima hula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku, kidogo kwa mwili ule, kwa sababu mchana kutwa ameegemea maji bila kujichosha. Kobe huchachusha nyuma, kwenye utumbo mpana, na jani alilomeza leo linaweza kuchukua zaidi ya juma kutoka. Tofauti ilikuwa kwenye umri: mtoto wa kiboko anayekua anahitaji protini ambayo kobe mzee ikimzidi humletea matatizo.

Kobe wangu ana gamba lenye vilima. Nilimlisha vibaya?

Pengine, lakini usikimbilie kulaumu protini kama watu wanavyosema. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003, la kobe wa ukanda wa Saheli, lilionyesha kuwa ukavu wa hewa huchangia vilima kuliko protini. Unyevu wa Mombasa unamfaa kobe, isipokuwa ukimweka chumbani kwenye kipozahewa.

Yachunguze mawili. Kwanza jua: bila mionzi yake ngozi haitengenezi vitamini D, na kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo hata kama chumba kina mwanga wa kutosha. Pili mboga. Mchicha una kalsiamu, lakini una oksalati inayoishika isifyonzwe. Mpe nyasi, magugu ya uani, mpungate uliotolewa miiba, na matembele kwa kubadilisha. Nyanya na ndizi ziwe kitu cha nadra. Gamba likiwa laini ukilibonyeza, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, si wiki ijayo.

Heroe hugeuka mweupe akifugwa?

Hufifia. Rangi yake ya waridi hutoka kwenye karotenoidi za mwani na vijidudu vya maji ya magadi. Tukimkosesha, manyoya mapya huota yamepauka. Dawa ni kuongeza rangi hizo kwenye peleti zake.

Samaki wa barafu wana shida gani?

Wana mbili. Aina kadhaa za samaki zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na huendelea na kazi hiyo polepole hata ndani ya friza. Mwari au fisi-maji anayekula samaki hao tu huanza kupepesuka, shingo ikipinda, kabla hujajua kuna kasoro. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 25 hadi 30 za B1 kwa kila kilo ya samaki, na uniti 100 za vitamini E.

Vitamini E inahusu shida ya pili: mafuta ya samaki huchacha upesi. Mwaka 2008 mamba zaidi ya mia moja walikufa kwenye korongo la mto Olifants, hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mafuta ya miili yao yakiwa yamekuwa magumu na kugeuka manjano. Chanzo kamili kilibishaniwa sana, na samaki wenye mafuta yaliyoharibika walikuwa miongoni mwa washukiwa. Kwa hiyo samaki akinuka, asiende kwa mamba kwa hoja kwamba "yeye hula chochote". Na usimyeyushe juani. Myeyushe ndani ya jokofu usiku kucha.

Joto la Mombasa linaharibu chakula?

Sana, na unyevu unashinda joto. Mahindi, njugu na pumba vikihifadhiwa vikiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini inayoua ini. Kenya haijasahau mwaka 2004, watu 317 walipougua na 125 kufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ndege na wanyama wadogo huathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Wakati wa masika tununue kidogo kidogo. Na nafaka iliyoota kuvu haisafishwi kwa kuanikwa: kuvu hufa, sumu hubaki. Nimekuwa mkali kwa watu kuhusu hili na sitalegea.

Nimeuziwa kasuku wa kijivu. Nimlishe nini?

Anza na swali la kibali. Kasuku wa kijivu yumo katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumiliki mnyama wa porini bila idhini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hilo linawahusu pia wale kobe na tumbili tuliowataja.

Aliye na kibali asimlishe alizeti peke yake. Kasuku huzichagua zote kwa furaha, na ni mafuta matupu, vitamini A karibu hamna, kalsiamu kidogo. Kasuku wa kijivu hasa huanguka kifafa kalsiamu ikishuka. Mpe peleti za kasuku kama msingi, kisha boga, karoti, pilipili hoho na matembele. Tone la mafuta ya mawese humfaa, kwani kwao ni nchi ya michikichi. Parachichi ni sumu kwa ndege. Chokoleti na kahawa pia, hata kama anakuomba kwa jina lako.

Mnajuaje kama lishe inafaa?

Tunapima kilichowekwa na kilichobaki. Tunampima mnyama uzito, na asiyepandishwa mizani tunampa alama za unene kwa kutazama nyonga, mbavu na uti wa mgongo. Tunachunguza kinyesi, kila siku, bila aibu. Kinyesi cha pundamilia kikianza kulainika, kwa kawaida jibu liko kwenye shehena mpya ya nyasi.

Mwanangu anataka kuisomea kazi hii.

Asome udaktari wa mifugo au sayansi ya wanyama: Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, Egerton kule Njoro, au Sokoine, Morogoro. Kemia asiikimbie.

Nimeokota mtoto wa mnyama. Nimpe maziwa?

Subiri. Watoto wa paa na swara hufichwa na mama zao kwenye vichaka kwa saa nyingi, naye hurudi kunyonyesha. Ukimwona ametulia, hana jeraha wala nzi, pengine hajapotea, ondoka.

Kama kweli ni yatima, maziwa ya dukani yanaweza kumuua kuliko njaa. Maziwa ya kila mnyama yana mchanganyo wake: ya faru mweusi karibu hayana mafuta, ya baadhi ya sili wa bahari za baridi ni mafuta kwa zaidi ya nusu. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi Tsavo Mashariki kulea ndama wa tembo waliokuwa wakiharishwa na mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Alichokuja kufanikiwa nacho ni maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa mafuta ya nazi. Mafuta ya maziwa ya tembo yana asidi za mafuta za urefu wa kati zinazofanana na zilizomo kwenye nazi. Watu wa Pwani husikia hilo wakatabasamu, lakini msiende kumpa kila yatima tui: kilichomfaa tembo kitamharisha mtoto wa paa.

Ndege yeyote hapewi maziwa kabisa. Aliyepoa asilishwe kabla hajapata joto, kwa sababu tumbo baridi halisagi. Mweke kwenye boksi lenye giza na kitambaa, mbali na watoto na paka, piga simu KWS, na kama umeshamlisha kitu, waambie ni nini, kiasi gani na saa ngapi.